Mwenzako ni nani? Michezo ya mtu mmoja yenye inajifanya ya watu wengi

Leo tuache kidogo mambo ya ajira na mihogo, tuongee michezo. Najua kuko wenye watauliza: mtu wa agronomi anatafuta nini ku michezo ya video? Mnivumilie kidogo. Kuko aina moja ya michezo yenye inagusa swali letu sisi wote wa chama: mwenzako ni nani, na unamtambua kwa kitu gani?

Tuanze na msingi, kwa wale wasiocheza. Kuko michezo mikubwa ya kwenye mtandao, wachezaji wanaiita MMO. EverQuest ilitoka 1999, World of Warcraft ikatoka 2004. Unaunda mtu wako, unamchagulia kazi: mpiganaji, mchawi ao mponyaji. Maelfu ya watu wanaingia dunia ileile moja, wanauziana silaha, wanagombana, wengine hata wanafunga ndoa humo ndani. Na majitu makubwa ya mchezo hauwezi kuyaua peke yako. Lazima utafute kikundi, na katika kikundi kila mtu ana kazi yake. Mponyaji akisinzia, wote mnakufa.

Shida iko ku mlango. World of Warcraft inalipiwa kila mwezi, inaomba koneksio yenye haikatiki, na kazi moja ya kikundi inaweza kupita saa nzima. Hapa kwetu umeme unaenda bila kuaga, mega zinaisha katikati ya sentensi, na ukikatika katikati ya vita wenzako wanakufa juu yako. Kwa hiyo wengi wetu dunia hizo tumeziona tu ku video za watu wengine.

Sasa kuko michezo mingine yenye inaiga dunia hizo kila kitu, isipokuwa watu. Majina yanaelea juu ya vichwa. Kwenye uwanja mtu anapiga kelele anauza ngao. Mwingine anaomba mponyaji. Ujumbe unapita pembeni ya skrini. Lakini unaweza kuzima mtandao kabisa na hakuna kitu kitabadilika, sababu hao wote ni mashini inayoongea na wewe. Uko peke yako, na mchezo unajifanya hauko peke yako.

Wachezaji wengi wanaidharau. Wanasema ni chakula cha kuchora ku karatasi, ni mchezo wa mwenye alikosa marafiki. Mimi nakataa hukumu hiyo, lakini nakataa pia wale wanaosifu kila kitu. Tutafute kipimo.

Sisi wa agronomi tuna shamba la majaribio. Unagawa vipande vilivyo sawa, unapanda mbegu unazotaka kulinganisha, unazuia mambo mengine yote yasiingilie, ili uone jambo moja tu vizuri. Mavuno ya pale hayatafanana na mavuno ya kijijini, kwa sababu kijijini kuko mbuzi wa jirani, kuko mwenye anachelewa kupalilia, kuko mtoto mgonjwa siku ya kupanda. Hakuna anayesema shamba la majaribio ni uongo. Lakini agronome mwenye anatoka pale na kusahau mbuzi, huyo atadanganya wakulima.

Michezo hii ni mashamba ya majaribio ya kuishi na wenzetu. Kwa hiyo maswali yangu ni mawili: inajaribu kitu gani? Na inakumbuka mbuzi? Mbuzi hapa ni mtu mwingine wa kweli, mwenye tumbo lake, mwenye anaweza kukukatalia, kuchelewa, ao kwenda zake.

Mzee wa ukoo huu ni .hack, ya studio ya CyberConnect2 ya Japani, iliyotolewa na Bandai ku PlayStation 2 kuanzia 2002. Ilikuja kwa sehemu nne: Infection, Mutation, Outbreak na Quarantine. Ndani yake wewe ni kijana anayecheza MMO inayoitwa The World, na mtu wake huko anaitwa Kite. Mwanzoni kabisa rafiki yake Orca anashambuliwa ndani ya mchezo, na mwili wa yule rafiki, nyumbani kwake, unaanguka katika koma. Kite anaanza kutafuta sababu.

Werevu wa .hack hauko katika vita. Mapango yake yanafanana mpaka yanachosha, na kuuza hadithi moja kwa vipande vinne, kila kimoja na bei yake, ni jambo la kulaumu. Werevu uko ku skrini ya kwanza. Ukiwasha, hauingii moja kwa moja ku vita. Unaona kwanza mashini ya huyo kijana: barua zake, habari za dunia, kisha ndiyo The World. Wenzako wanakuandikia barua. BlackRose, msichana mwenye hasira za haraka, amekuja humo kwa sababu mdogo wake naye ameanguka katika koma. Kumbe nyuma ya kila silaha kuko chumba, na ndani ya chumba kuko mtu ana shida zake. Mchezo hauna mtu hata mmoja wa kweli, lakini unakulazimisha kufikiri kila mara juu ya mtu wa kweli. Huo ni mbegu nzuri sana.

Na kuko jambo moja la kushangaza. Mwaka 2005 walitoa .hack//fragment, kule Japani tu, ambayo safari hii ilikuwa ya mtandao kweli, na watu wa kweli ndani. Seva zake rasmi zilifungwa 2007. Ile ya kujifanya bado inachezeka leo kwa mwenye kuwa na diski yake. Ile ya kweli, kampuni ilizima. Hata Star Wars Galaxies, mchezo uliojaa watu waliojenga nyumba na biashara humo kwa miaka, ilifungwa mwezi wa 12 mwaka 2011. Kwa hiyo mwenye anasema michezo ya mtu mmoja ni kivuli, akumbuke kwamba kuko wakati kivuli kinadumu kuliko mwili.

Wa pili, na kwangu mimi ndiye bora, ni CrossCode ya Radical Fish Games ya Ujerumani, iliyotoka 2018. Haiombi mashini yenye nguvu nyingi, na iko na Kifaransa, kwa hiyo wengi wetu tunaweza kuifikia. Unamwongoza Lea, msichana anayeamka ndani ya MMO inayoitwa CrossWorlds, amepoteza kumbukumbu, na sauti yake imeharibika. Anaweza kusema maneno machache tu, yale waliyomwekea moja moja. Kingine chote anasema kwa uso na kwa mikono.

Wenzake ni wachezaji wa kawaida. Kuko Emilie, Mfaransa mwenye kuongea bila kupumua, jasiri mbele ya kila jitu lakini anaogopa wadudu (mimi mtu wa mashamba nilimcheka sana). Anapenda kushindana na Lea nani atamaliza wa kwanza. Na saa ikifika, Emilie anaaga, anaenda kulala. Wengine nao wana masomo, wana nyumbani kwao. Hapo ndipo mchezo unakuchoma bila kelele: kila mtu ana mahali pa kurudi, isipokuwa Lea. Yeye hana mlango wa kutokea. Wenzake wakizima mashini, yeye anabaki.

Sitaharibu hadithi. Niseme tu kwamba kuko wakati Lea anapotea katikati ya kazi ya kikundi, na rafiki zake hawawezi kujua kama amepata hatari ao mtandao wake umekatika tu. Sisi wenye kuishi na koneksio ya hapa tunaelewa sehemu hiyo kuliko Mjerumani yeyote. Ni mara ngapi rafiki amenyamaza wiki mbili, nawe haujui kama amekasirika, amegonjwa, ao hana mega? CrossCode inaelewa kwamba mtu wa mtandaoni ni mtu mwenye anaweza kutoonekana. Ina kasoro: mafumbo ya mahekalu yake ni marefu kupita kiasi, mpaka unasahau ulikuja kufanya nini. Lakini mbuzi wa jirani wanaingia ndani ya shamba lake, na mwandishi aliwaacha waingie makusudi.

Wa tatu ni Erenshor ya Burgee Media, iliyotoka mwezi wa 4 mwaka 2025, ikiwa bado inaendelea kujengwa. Hii haina kijana wala koma. Inarudisha tu ladha ya EverQuest ya zamani, na inajaza dunia na wachezaji wa bandia, wanaoitwa SimPlayers. Wanapanda nivo, wanatafuta vifaa, wanaongea ovyo ku ujumbe, wanaingia katika vikundi, unawaomba mfuatane na wanakuja. Kama kazi ya fundi, ni kazi ya kuheshimu. Ile kelele ya sokoni ya MMO za zamani, wamekupa karibu yote, na unasimama wakati unataka. Umeme ukienda, hakuna anayekutukana.

Lakini nikiuliza swali langu la pili, Erenshor inanyamaza. Mwenzako wa humo anaweza kukasirika, lakini hasira yake ni hesabu. Anaweza kukusaidia saa tatu, lakini hizo saa tatu hakuzitoa mahali popote. Hakuacha kupika, hakuacha kusoma mtihani, hakulipa mega. Hana kitu cha kupoteza. Katika .hack na CrossCode pia wenzako ni mashini, ndiyo, lakini hadithi inakuonyesha kila mara gharama yao ya kukaa na wewe. Erenshor inaifuta gharama, kisha inakupa kilichobaki na kukiita wenzako.

Na msifikiri ni michezo midogo tu. Final Fantasy XIV, ambayo ni MMO kweli, mwaka 2019 iliruhusu wachezaji kuingia mapango ya sehemu yake mpya Shadowbringers pamoja na wahusika wa hadithi badala ya watu. World of Warcraft nayo ilifanya jambo la namna hiyo mwanzoni mwa 2024. Tuone vizuri kinachoendelea: wenye kuwa na koneksio nzuri, wenye kulipa kila mwezi, wenye dunia iliyojaa watu, nao wanaomba wenzao wa mashini. Wamechoka na mbuzi.

Siwalaumu haraka. Mbuzi wanakula kweli. Ku michezo ya mtandao kuko matusi, kuko dharau kwa mwenye anajifunza, na wasichana wengi wanaficha kwamba ni wasichana ili wapate amani. Mwenye haya anaweza kujifunza kazi ya mponyaji mbele ya mashini bila kuchekwa, kisha siku moja aende kwa watu. Hiyo ndiyo kazi halali ya shamba la majaribio: unajifunza pale ili ulime hapa.

Hatari iko kwa mwenye anajenga nyumba ndani ya shamba la majaribio. Akizoea mwenzake anayekuja kila akiitwa, yule wa kweli ataanza kuonekana mbovu. Atamwona mchelewaji, mgumu, mwenye maneno mengi. Na hii haiko mambo ya michezo peke yake. Telefone zetu sasa zina mashini za kuongea, zinajibu usiku wa manane, hazichoki, hazikasiriki. Kesho nyingi zitauzwa na maneno ya "rafiki" juu yake.

Sisi tunajua salongo. Tunajua likilimba. Mtu anapokuja kukusaidia kulima, mikono yake ni sehemu ndogo ya anachokuletea. Kubwa ni ile siku: siku hiyo shamba lake mwenyewe halikupaliliwa. Amekuletea hasara yake, na ndiyo maana kesho yake wewe unaona haya kutokwenda kwake. Mashini inaweza kukupa mikono, hata mingi kuliko jirani. Haiwezi kukupa siku ambayo imeikosa mahali pengine, kwa sababu haina mahali pengine.

Kwa hiyo hukumu yangu ni hii. Mwenye ana PlayStation 2 ya zamani na uvumilivu, atafute .hack, avumilie mapango kwa sababu ya barua. Erenshor ni kwa mwenye anataka kuonja MMO za zamani bila kulia na koneksio, basi aionje akijua anakula nini. Na kama ni mchezo mmoja tu mtachagua kati ya yote, muchague CrossCode. Mkifika pale Emilie anaaga kwenda kulala na Lea anabaki amesimama peke yake, musiharakishe kubonyeza. Mumwangalie kwanza.