Aliyeyajua Maji

Desert Solitaire, kitabu cha Edward Abbey cha 1968, kimenoga zaidi kukisoma Kigoma wakati wa kiangazi, vumbi la barabara ya Ujiji likiwa bado kwenye viatu. Abbey alikuwa askari wa hifadhi huko Arches, katika jangwa la Utah, ambako maji na barafu vimetoboa miamba hadi ikabaki matao. Hoja yake kuu anaing'ang'ania: tao la jiwe huwezi kuliona ukiwa ndani ya gari. Shuka, tembea, ikibidi tambaa.

Hapo hatugombani. Njia ya Delicate Arch ni kama kilomita 2.4, sehemu kubwa ukipanda mwamba mtupu, na tao halijitokezi mpaka hatua za mwisho. Kinachonikera ni upweke wake. Kwingineko anawakumbuka wenyeji wa kale, lakini mbele ya tao amebaki yeye na jiwe, ilhali karibu na mwanzo wa njia hiyo kuna wapanda farasi waliochorwa jabalini na Waute.

Richard Burton simpendi. Dharau yake kwa waliombebea mizigo imejaa The Lake Regions of Central Africa (1860) kama mchanga kwenye dagaa. Lakini anapofika Februari 1858, kwenye kilima cha mwisho kabla ya Ziwa Tanganyika, anaandika tukio ambalo Abbey hana. Speke macho yanamuuma, haoni ila ukungu. Burton anaona mstari unaong'aa, hajui ni nini. Anamuuliza Sidi Mubarak Bombay, naye anajibu bila mbwembwe kwamba ni maji.

Kwangu mimi, kitabu kizima kimesimama juu ya jibu hilo. Mgunduzi anakiri, pengine bila kukusudia, kwamba aliyejua kinachotazamwa ni Myao aliyeuzwa utotoni hadi India. (Wajiji waliokuwa wakivua kule chini hakuna aliyewauliza.) Bombay alirudi Ujiji na Stanley mwaka 1871, kisha na Cameron. Hakuacha kitabu, tunamsoma kupitia waajiri wake, na Stanley hakumwandika kwa wema.

Insha nyingi za safari tunazoandika vijana zinamfuata Abbey: mwandishi, mandhari, kimya. Wa bodaboda aliyekufikisha na mwenyeji aliyekuonyesha miembe ya Livingstone wanaondolewa, picha isiharibike. Natamani kusoma insha moja ya Ujiji ambamo mwandishi anauliza kile kinachong'aa ni nini, na mtu mwingine anamjibu.