Aendaye Joshi

Neno la Kiingereza 'aloof' hutumiwa leo kwa mtu aliyejitenga na wenziwe, asiyetaka kuzoeleka. Kamusi hutupa 'mbali' na 'kando'. Nami, katika tarjuma yangu moja ya zamani, niliandika 'mwenye majivuno'. Nakiri kuwa nilikosa.

Asili ya neno hili ni baharini. Liliingia katika Kiingereza karne ya 16, likiwa limeundwa kutokana na 'loof', yaani upande wa joshi, utokako upepo. Nahodha aliyeona upepo wamsukumia pwani aliamuru omo lielekezwe joshini, chombo kisije kikapanda mwamba. Basi kujitenga kule hakukuwa kuidharau nchi kavu. Kulikuwa hadhari ya mtu aijuaye hatari iliyo mbele yake.

Mfasiri hana budi kuuliza: huyu akaaye kando, anatudharau au anauogopa mwamba? Sisi wa visiwani, ambao joshi ni neno letu wenyewe, hatuna udhuru wa kutouliza. Mtu wa shairi lile alikuwa na hofu. Ningalimwita 'aendaye joshi', msomaji wa pwani angalimhurumia. Nilimpa majivuno, akachukiwa bure.