Mbiru: Simulizi za Milimani na Kalamu ya Msomi

Mwambao wajua kuwa tarikh hukaa kifuani kabla ya kukaa kitabuni. Hemedi bin Abdallah el-Buhry alivitungia utenzi vita vya Wadachi, na waliousikiliza waliupokea kwa lugha yao. Upareni mambo yalikwenda njia nyingine. Profesa Isaria Kimambo alizikusanya simulizi za wazee, akatoa mwaka 1969 historia ya kisiasa ya Wapare, kisha mwaka 1971 kijitabu juu ya mbiru, kodi ya viwango iliyowafanya maelfu ya wanaume washuke Same mwaka 1945 kuipinga. Uzito wa kazi hizo hauna shaka: zilithibitisha kuwa simulizi ni ushahidi, si ngano. Lakini ziliandikwa kwa Kiingereza. Mzee wa Kighare, huko Usangi ambako wanawake nao walijitokeza mwaka 1946 kudai suluhu, akiwa hajui lugha hiyo, atazisahihishaje? Hapo ndipo penye kasoro: mashahidi walitoa kauli, hukumu wakasomewa wengine. Utafiti usiorejea barazani kwa Kiswahili ni deni, na dawa ya deni ni kulipa.