Mbili mara tatu: kielezi cha daktari kinavyofika kwenye bahasha ya dawa

Upper Hill, Nairobi, ni mtaa wa matibabu. Hospitali ya Kitaifa ya Kenyatta, iliyoanzishwa 1901, iko hapa; Afya House, makao ya Wizara ya Afya, iko hapa; na kliniki na maduka ya dawa ni mengi mno. Kila siku maelfu ya watu hushuka kutoka huku wakiwa na bahasha ndogo za dawa, na juu ya bahasha hizo, kama ilivyo kote nchini, agizo la daktari limebaki tarakimu mbili na alama ya kuzidisha: 2×3. Dirishani mgonjwa huambiwa, "Mbili mara tatu," kisha anaitwa anayefuata.

Agizo hilo limepita mikono mingi. Daktari huandika kwa vifupisho vya Kilatini, b.d. au t.d.s. Mfamasia huvisoma kwa Kiingereza: "twice daily", "three times daily". Hapo ndipo penye kasoro, kwa sababu kielezi "daily" huhesabu tu. Kinasema ni mara ngapi kabla siku haijaisha, ila hakisemi kati ya dozi moja na nyingine zipite saa ngapi. Daktari anajua pengo analolitaka. Kwenye karatasi halikuandikwa.

Alama ya kuzidisha huongeza tatizo jingine. Katika hesabu, mbili mara tatu na tatu mara mbili zote ni sita. Kwa panadol za miligramu 500 tofauti ni kubwa: tembe mbili kwa mara tatu ni gramu moja kila dozi, kiasi cha juu anachopewa mtu mzima kwa mkupuo mmoja. Tembe tatu kwa mara mbili ni gramu moja na nusu kwa mkupuo. Jumla ya siku ni ileile, lakini mgonjwa amepita kipimo asubuhi na jioni, na bahasha haikumwambia tarakimu ipi ni tembe na ipi ni nyakati.

Watanzania husema "kutwa mara tatu", na hapo tembe na nyakati hazichanganyiki. Lakini kutwa ni tangu jua kuchomoza hadi kuzama. Ndiyo maana mwanafunzi wa shule ya kutwa hurudi kwao jioni. Anayelitii agizo hilo neno kwa neno atameza amoksilini saa moja asubuhi, saa saba mchana na saa moja jioni, kisha akae saa 12 bila dawa, ilhali iliagizwa kila baada ya saa nane. Dawa hii hutoka mwilini upesi, na kazi yake hutegemea muda inaokaa kwenye damu ikiwa ya kutosha. Mwenye kidonda kidogo huenda asione tofauti. Mwenye maambukizi makali anastahili dozi zilizopangwa sawasawa.

Mfano unaonisumbua zaidi ni wa dawa ya mseto ya malaria. Mtu mzima hupewa tembe 24, nne kwa kila dozi, mara sita kwa siku tatu. Ukiandika 4×2 umesema kweli kuhusu idadi, lakini umeiacha dozi ya pili, ambayo humezwa saa nane baada ya ya kwanza. Aliyeanza saa kumi jioni anapaswa kumeza tena saa sita usiku. Bahasha ya 4×2 itamlaza hadi asubuhi, naye ataamini amefuata agizo.

Tusidhani hili ni la wasiojua Kiingereza. Utafiti uliochapishwa Marekani 2006 uliwachunguza wagonjwa 395, huko ambako Kiingereza ndiyo lugha ya nyumbani kwa wengi. Walionyeshwa agizo la kumeza tembe mbili "twice daily". Kati ya wenye uwezo mdogo wa kusoma, takriban asilimia 71 walilieleza sawa, lakini walioweza kuhesabu tembe za siku nzima walikuwa kama asilimia 35 tu. Walilisema agizo vizuri, kulitenda kukawashinda.

Kiswahili kina cha kuandika badala yake. Mara mbili ni saa mbili asubuhi na saa mbili usiku: mgonjwa anashika saa moja tu kichwani. Mara tatu ni saa kumi na mbili alfajiri, saa nane mchana, saa nne usiku. Hatari iko kwenye "saa 8" inayoandikwa peke yake, kwani mmoja ataisoma kuwa pengo, mwingine ataisoma kuwa mchana, na wa tatu, mwenye kufuata tarakimu za simu yake, ataisoma kuwa asubuhi. Basi mfamasia aandike saa na kipindi cha siku, na idadi iwe na neno tembe mbele yake. Kisha, kabla hajaitoa bahasha mkononi, aulize: "Ya kwanza utameza saa ngapi, na ya pili je?" Mgonjwa akijibu "asubuhi na jioni" huku ameshika dawa ya mseto, bado kuna muda wa kumwandikia saa sita usiku.