Fani na Maudhui katika Mwongozo wa Kiendeshi: Uhakiki wa Ukurasa wa iwn

Wahakiki wetu wamezoea kupima riwaya na tenzi kwa mizani ya fani na maudhui. Matini za ufundi huachwa nje ya mizani hiyo, kana kwamba hazina mtunzi wala msomaji. Hapa tunachambua matini moja ya aina hiyo: ukurasa wa mwongozo wa iwn, kiendeshi kinachouwezesha mfumo wa OpenBSD, ulio wa jamii ya Unix, kuzitumia kadi za Intel za mtandao usio na waya. Kiendeshi hicho kiliandikwa na Damien Bergamini, na kilitokea kwanza katika toleo la 4.3 la mwaka 2008.

Kifani, ukurasa huu unastahili sifa. Sentensi zake ni fupi, na kila sehemu ina kichwa chake: jina, maelezo, mafaili, maana ya ujumbe wa hitilafu. Mtunzi hajisifu wala hapambi. Anayetaka kuona mitandao iliyo karibu huandika amri ya ifconfig iwn0 scan. Jina la mtandao na neno la siri huyatia katika faili la hostname.iwn0.

Kimaudhui, ubora wake ni ukweli. Kadi hizo hazifanyi kazi bila programu ndogo ya kampuni, ambayo kiendeshi huipakia ndani ya kadi inapowashwa. Ukurasa unatamka wazi kwamba Intel ilikataa kuruhusu programu hiyo isambazwe bila masharti ya mkataba, ndiyo maana haimo katika mfumo.

Hata hivyo, ukweli huo umewekwa chini ya kichwa cha mafaili, na tiba inayotajwa ni amri ya fw_update, ambayo kwa kawaida huchota programu hiyo mtandaoni. Je, asiye na njia nyingine ya mtandao ila kadi hiyo afanyeje? Ufunguo umefungiwa ndani ya sanduku lile lile. Njia ipo: kuunganisha waya kwa muda, au kuleta mafaili kutoka mashine nyingine na kuielekeza fw_update yaliko kwa alama ya -p. Lakini alama hiyo huelezwa katika ukurasa mwingine.

Wenzao wa Debian walilikata fundo hili kwa kura mwaka 2022: toleo la 12, la mwaka 2023, lilitoka na programu za namna hiyo ndani ya diski rasmi za usakinishaji. Hatudai OpenBSD iache msimamo wake. Tunadai tu kwamba kusema kweli juu ya kampuni hakutoshi. Yapasa pia kuikumbuka hali ya msomaji. Kwa hiyo, atakayeufasiri ukurasa huu kwa Kiswahili asihamishe maneno tu. Onyo hilo alipandishe juu, kabla ya amri ya kwanza, pamoja na njia ya kujinasua.