Kuuliza bila Kujijibu

Ugonjwa wa vidonda vya utumbo mpana ni mlaghai. Leo mgonjwa anahara damu mchana na usiku. Baada ya wiki chache hali inaweza kutulia yenyewe, kisha ikarudi bila kubisha hodi. Dawa yoyote ikitolewa maradhi yanapoelekea kutulia itaondoka na sifa isiyo yake. Kwa hiyo anayeutafiti ugonjwa huu hana budi kujikinga kwanza na matumaini yake mwenyewe, na sijaona waliofanya hivyo kwa umakini kama Sidney Truelove na Leslie Witts wa Oxford.

Miaka ya 1950 kotisoni ilikuwa dawa mpya yenye kuvuma. Wawili hao walitaka kujua kama inausaidia utumbo. Walipata wagonjwa 210 kutoka hospitali mbalimbali za Uingereza, wakawagawa kwa bahati nasibu: 109 wakapewa kotisoni, 101 wakapewa vidonge vya kufanana navyo visivyo na dawa ndani. Baada ya wiki sita, ilibidi kuamua nani ametulia. Hapo ndipo ninapowavulia kofia. Hawakuridhika na kauli ya daktari kwamba fulani ana nafuu. Kutulia kulikuwa na masharti: choo mara moja au mbili kwa siku, bila damu, homa hakuna, moyo hauendi mbio, vipimo vya damu viko sawa au vinarejea, uzito unaongezeka. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 1955 yalionyesha kuwa waliotulia kwa kotisoni ni kama asilimia 41, na kwa vidonge vitupu asilimia 16.

Waliacha pia kipimo cha kutambua ugonjwa uliokuwa mkali: idadi ya vyoo vyenye damu, joto la mwili, mapigo ya moyo, wingi wa damu na kasi ya chembe zake kutuama. Kipimajoto, saa na maabara ya kawaida vinatosha. Mashine za bei kubwa zimekuja, na madaktari bado wanakitumia.

Mwaka 1977 Truelove, pamoja na Azad Khan na Piris, alishika swali lingine. Salfasalazini, dawa iliyotokana na kazi ya daktari wa Uswidi Nanna Svartz, ni kemikali mbili zilizounganishwa. Bakteria wa utumbo mpana ndio wanaozitenganisha. Ipi kati ya hizo inatibu? Kuzimezesha mojamoja kusingesaidia, maana zingefyonzwa kabla ya kufika kwenye vidonda. Basi waliziingiza moja kwa moja kupitia njia ya haja kubwa: kundi moja dawa nzima, la pili kipande kimoja, la tatu kingine, kisha wakachunguza vinyama vya utumbo kwa hadubini. Kipande cha jamii ya aspirini kilifanya kazi sawa na dawa nzima. Kile cha salfa, chenye kubeba sehemu kubwa ya madhara, kilisaidia kidogo. Kutokana na jibu hilo wagonjwa wengi leo wanatumia mesalazini, bila salfa.

Ini nalo limetoa funzo lake. Baadhi ya wenye vidonda vya utumbo mpana hupata pia makovu kwenye mirija ya nyongo, nayo huliharibu ini polepole. Dawa iitwayo asidi ya ursodeoksikoliki ilikuwa ikishusha vimeng'enya vya ini kwenye damu, na ilionekana busara kuongeza dozi. Watafiti wa Marekani wakaijaribu dozi kubwa kwa wagonjwa 150, kwa mpango uleule wa vidonge vya kufanana. Vipimo vya damu vya waliopata dawa vilipendeza. Lakini watafiti walikuwa wakifuatilia pia mambo mazito zaidi, kama kifo na kuhitaji kupandikizwa ini, na hayo yalizidi upande wa dawa. Jaribio likasimamishwa, matokeo yakachapishwa mwaka 2009.

Daktari aliyetazama karatasi ya maabara peke yake angeendelea kuandika dozi ile kwa moyo mweupe. Kilichowaokoa wagonjwa waliofuata ni watu waliokubali kungoja kwa miaka, wakahesabu pande zote mbili, kisha wakatangaza jibu ambalo hawakulitaka.