Sikio la Fundi Redio

Mbinga mjini, meza ya fundi redio inahamwa polepole bila mtu yeyote kutangaza msiba. Mahali palipokuwa na rundo la redio zilizofunguliwa, harufu ya risasi iliyoyeyuka na spika moja isiyo na boksi ikiimba ukutani, sasa zinaning'inia kava za simu, chaja na vioo vya kubandika. Hilo halina wa kulaumiwa. Simu imeimeza redio kila mahali. Ila pamoja na meza hiyo unaondoka ufundi ambao wengi hatukuuhesabu kuwa ufundi, kwa kuwa haukuacha kitu cha kushikika mkononi: ufundi wa kumchagulia mtu chombo cha sauti. Leo mwenye nyumba anayetaka homu thieta, yaani risiva ya kuendesha spika tano na sabufa yake, huingia dukani peke yake, akiongozwa na maandishi ya boksi na taa zinazobadilika rangi. Hoja yangu ni kwamba boksi halijui kuchagua. Aliyejua alikuwa fundi, nasi tumemstaafisha kabla ya kumuuliza alichokuwa akikijua.

Alikijua kwa sababu alikulia katika uhaba. Umeme wa gridi ya taifa umekuja Ruvuma juzijuzi, kwa njia ya kilovolti 220 kutoka Makambako hadi Songea iliyozinduliwa mwaka 2019. Kabla ya hapo miji ilitegemea zaidi majenereta ya dizeli, na vijijini, kuanzia milima ya Umatengo hadi Liuli na Lituhi ufukweni mwa Ziwa Nyasa, redio iliishi kwa betri. Redio za National zilizotengenezwa Dar es Salaam na zile za Philips za Arusha zilitoa nguvu ndogo mno kwa vipimo vya leo, na bado taarifa ya habari ya Redio Tanzania ilisikika hadi uani. Betri zilizochoka zilianikwa juani zirudishe uhai kidogo. Mtu aliyejifunza kazi katika hali hiyo hakuweza kuizungumzia nguvu ya sauti kwa mzaha. Kila wati ilikuwa na mahali ilikotoka na mahali ilikokwenda, na nyingine ilipotea njiani.

Sasa tazama boksi. Maandishi makubwa yanadai wati 5,000, au 10,000, na kando yake zimewekwa herufi nne, PMPO. Kigeuze chombo chenyewe mgongoni, pale unapoingia waya wa umeme, usome kibandiko kidogo: mara nyingi utakuta kinavuta wati chini ya 200, wakati mwingine chini ya 100. Chombo hakiwezi kutoa kwa mfululizo kisichokipokea. Kama kweli kingetoa wati 10,000, LUKU ingemeza zaidi ya uniti 10 kwa saa, na soketi ya ampea 13, ambayo mwisho wake ni wati 3,000 hivi, ingelemewa kabla kwaya haijamaliza ubeti wa kwanza. PMPO ni kilele cha kufumba na kufumbua, tena kisicho na kipimo kinachokubaliwa na wote. Kila mtengenezaji anajiandikia. Wati za kuaminika ni za mfululizo, zinazoandikwa RMS, na hata hizo zina mitego yake, kwa kuwa kampuni inaweza kupima huku risiva ikiendesha spika mbili tu kati ya tano, au kwa sauti iliyokwisha kuchakaa kwa asilimia 10. Marekani walilazimika kuweka kanuni mwaka 1974 kuhusu namna wati za amplifaya za nyumbani zinavyotangazwa. Mbinga kanuni ilikuwa mkono wa fundi ukigeuza chombo mgongoni.

Kuna jambo jingine ambalo namba hizo zinalificha. Ukiongeza wati mara mbili, sauti inapanda kwa desibeli 3 tu, kiasi ambacho sikio linakitambua kwa shida; ili isikike kama imekuwa kubwa maradufu unahitaji karibu mara kumi. Kumbe spika zinatofautiana sana kwa wepesi wa kuitikia. Yenye desibeli 92 kwa wati moja, ukiwa mita moja, itafanya kwa wati 25 kazi ambayo yenye desibeli 86 itaifanya kwa wati 100. Kwa hiyo swali la kwanza la mnunuzi, "ina wati ngapi?", linapaswa kuja baada ya jingine: itasukuma spika gani?

Hapo ndipo betri ya tochi ilipoingia, na ndicho kitendo ninachokiona kuwa kilele cha kazi nzima. Fundi alichukua betri moja ya volti 1.5 na vipande viwili vya waya, akaigusisha kwenye spika kwa nukta moja. Spika ilitoa mlio mmoja mkavu. Katika mguso huo alisoma mambo manne. Ukimya ulimwambia koili imeungua au waya umekatika. Mlio wenye mkwaruzo, kama mchanga chini ya kiatu, ulimwambia koili inajisugua kwenye sumaku, na spika ya namna hiyo hata ukiipa risiva ya kifalme itakwaruza tu. Mlio wenye mtetemo wa karatasi ulimwonyesha ukingo uliopasuka. La nne hakulisikia, alilitazama: upande wa chanya wa betri ukigusa upande wa chanya wa spika, ngozi ya spika husogea nje, waya zikibadilishana, huingia ndani. Akishaona, alitia alama ya rangi, na spika zote za nyumba hiyo zikatiwa alama kwa namna moja.

Alama hiyo ya rangi ina uzito mkubwa kuliko nusu ya vitufe vya risiva. Spika mbili zikifungwa kwa mwelekeo mmoja, zinasukuma hewa pamoja na kuivuta pamoja. Mdundo unajaa, na mwimbaji anasikika amesimama katikati, mahali pasipo na spika yoyote. Moja ikifungwa kinyume, moja inasukuma wakati nyenzake inavuta, besi zinafutana, na mwimbaji anatawanyika asijulikane alipo. Mwenye nyumba haoni kosa lolote, kwa kuwa zote mbili zinaimba. Anachosikia ni sauti isiyo na tumbo, naye anahitimisha kwamba mashine ni dhaifu, kisha ananunua kubwa zaidi. Idadi ya sabufa zilizonunuliwa ili kuponya waya mbili zilizobadilishana haitajulikana kamwe. Kosa la kindugu na hilo ni kuongeza spika bila hesabu: risiva iliyoandikwa omu 8 ikibebeshwa spika mbili za omu 8 sambamba kwenye njia moja, inauona mzigo wa omu 4, inachemka, na siku ya sherehe inanyamaza. Ubaya wa makosa haya ni kwamba hayawashi taa.

Kisha kuna nyumba. Sebule nyingi za Mbinga ni za matofali ya kuchoma, sakafu ya saruji, na juu mabati, wakati mwingine bila dari. Ukipiga makofi mara moja katikati ya chumba kitupu cha namna hiyo, kofi linakurudia kutoka pande zote. Maneno ya filamu nayo yatarudi hivyohivyo na kukanyagana. Besi nzito hutikisa bati kwenye misumari, na mvua za masika zikianza hakuna spika inayoshindana nazo. Chumba hiki kinadai pazia zito, mkeka au zulia, na spika ya katikati iliyo safi, kabla ya kudai wati. Kule Mbamba Bay mambo ni tofauti. Joto ni kali kuliko milimani, madirisha yanabaki wazi usiku kucha, na sauti inatoka kwenda ufukweni badala ya kurudi. Nyumba hiyo inaweza kubeba mdundo mwingi zaidi bila kukera, lakini risiva yenyewe inahitaji nafasi ya kupumua na kinga dhidi ya unyevu na vumbi la mchanga. Kati ya mji wa Mbinga na ziwa ni kilomita 66 tu kwa barabara, ila chombo kinachofaa juu hakifai chini bila kufikiriwa upya. Boksi linaandikwa mara moja kwa dunia nzima.

Jambo la tatu ni kile kinachosikilizwa. Mfumo wa spika tano na sabufa ulibuniwa kwa ajili ya sinema. Dolby waliuingiza kwenye majumba ya filamu mwaka 1992, na mwaka 2012 wakaongeza Atmos, inayoleta sauti hata kutoka darini. Ili ufanye kazi, filamu yenyewe lazima iwe imerekodiwa kwa njia zote hizo. Sebuleni kwetu inasikilizwa kwaya iliyowekwa kwenye flashi, taarifa ya habari na mpira kupitia king'amuzi, Bongo muvi, na filamu za nje zilizotiwa Kiswahili na watafsiri wa mtindo wa Lufufu, waliolea kizazi kizima cha watazamaji wa vibanda umiza. Sauti ya mtafsiri haikuwekewa njia yake ya katikati. Imelazwa juu ya filamu yote, milio ya risasi na vilio vikiwa chini yake. Nyingi ya sauti hizi ni za njia mbili, au moja. Anayezinunulia risiva ya spika saba analipia spika ambazo hazitaambiwa kitu, au zitakazorudia maneno ya mbele kama mwangwi. Risiva inayomfaa ni ile inayoweza kuchuja kilicho sawa kulia na kushoto na kukipeleka katikati, kama ifanyavyo Dolby Pro Logic, na yenye udhibiti wa kupandisha spika hiyo peke yake ili mtafsiri asimezwe na mabomu. Au, kwa fedha hiyohiyo, spika mbili nzuri na amplifaya ya kawaida.

Mtu atauliza kama watu wa huku waliwahi kuwa na sikio la namna hiyo, au fundi anapambwa tu kwa kuwa ametoweka. Jibu linapatikana uwanjani. Mganda wa wanaume na kioda ya wanawake vilienea kandokando ya Ziwa Nyasa baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, vikiwa ndugu wa ngoma ya beni aliyoichunguza mwanahistoria Terence Ranger katika kitabu chake cha mwaka 1975. Katika ngoma hizo za ukoo wa mganda, malipenga hukatwa kutoka vibuyu vya ukubwa mbalimbali na kuwambwa utando mwembamba unaotetema, na sauti zinapangwa nene na nyembamba zikisikilizana, ngoma kubwa ikishika chini bila kuzifunika. Jamii iliyojua kukichagua kibuyu kwa sauti yake haikushindwa kuisikia sabufa inayofunika waimbaji. Imeacha kuulizwa tu.

Pingamizi zito zaidi linatoka kwa mashine zenyewe. Risiva za bei kubwa za leo huja na kipaza sauti kidogo. Unakiweka unapokaa, mashine inapiga milio, inapima umbali wa kila spika, inasawazisha viwango, nyingine zinakuonya hata kama waya zimebadilishana. Ni kweli, na ni kazi nzuri. Betri ya tochi imepata mrithi. Lakini mrithi huyo anafanya kazi baada ya kununuliwa. Hakuambii kwamba hukumhitaji, wala hapatikani kwenye vyombo vya bei ambayo wengi wanaimudu pale malipo ya kahawa yao yanapotoka. Wengine watasema fundi naye alikuwa na hila zake, alibadilisha spea nzima kwa mbovu na kukaa na redio ya mtu miezi. Wapo waliokuwa hivyo. Hata hivyo fundi mwongo alikuwa jirani, na redio ilipoharibika tena ilirudi mezani kwake; boksi lililodanganya halina pa kurudishwa. Na wanaosema kwamba kupima ubora kwa kunyanyua na kuhisi uzito wa transfoma kumepitwa na wakati wana haki: amplifaya za kisasa za daraja D ni nyepesi na baadhi ni bora kabisa. Fundi angejifunza hilo kwa wiki moja, kama alivyohama kutoka valvu kwenda tranzista.

Kilichomwondoa ni hesabu ya riziki. Hakuna mtu Mbinga aliyewahi kulipwa kwa kumchagulia mwenzake redio. Fundi alilipwa kwa kulehemu, na ushauri ukatoka bure juu ya kazi hiyo, kwa sababu aliyekuwa na spika mbovu mkononi ndiye pia aliyejua kwa nini imeungua. Sabufa ya leo imebanwa kwenye bodi moja yenye chipu moja. Ikiungua kwa umeme uliopanda na kushuka, bodi mpya inakaribia bei ya chombo, na chombo kinatupwa. Bila kutengeneza hakuna aliyebaki kuona makosa ya uchaguzi yakirudi mezani, moja baada ya jingine, hadi yakawa elimu. Muuza duka hawezi kuirithi kazi hiyo hata akiwa mwaminifu, kwani chakula chake kiko kwenye boksi linalotoka mlangoni, wakati fundi mara nyingi alimrudisha mtu nyumbani bila kununua kitu, akiwa amegeuziwa waya mbili tu.